Intanshipu ya AI kwa sisi wa historia na sosholojia, mtu anaenda kufanya nini hasa?

mpenda_nyaraka
Wakuu habari zenu, naomba mawazo. Niko mwaka wa tatu nasoma historia, na sosholojia kwa mbali. Kuna mradi wa utafiti umetangaza intanshipu ya miezi mitatu, wanataka kutumia akili bandia kusoma marundo ya barua za zamani zilizoandikwa kwa mkono na pia mahojiano yaliyorekodiwa miaka ya nyuma, na tangazo linasema wanafunzi wa sanaa, sayansi za jamii au kompyuta wote waombe. Sasa mimi kompyuta yangu ni ya kuandikia asaimenti basi, Python, hiyo lugha ya kuandikia programu, naisikia tu kwa watu. Jamaa zangu wa kompyuta wananicheka eti nitaishia kubeba mafaili. Hivi kweli mtu kama mimi anaenda kufanya nini huko siku nzima? Na nijifunze nini kabla sijaenda kuaibika?

jicho_la_pili
Omba leo leo usisubiri. Nilishapita kwenye mradi wa barua kama huo na sisi wa historia ndio tuliokuwa tunaitwa kila saa. Iko hivi, kwa mwandiko wa mkono wengi wanatumia programu inaitwa Transkribus, unapakia picha ya barua, inatafuta mistari ilipo halafu inasoma. Mara ya kwanza inasoma ovyo maana haijauzoea mwandiko wa huyo karani, kwa hiyo mnakaa mnachapa wenyewe kurasa kadhaa neno kwa neno ili ijifunzie hapo, ndo baadae inaanza kwenda. Watakuja kukwambia makosa yamebaki asilimia 5 tu ya herufi na wewe utaona sio mbaya, sasa piga hesabu, ukurasa wenye herufi 2,000 una herufi 100 zimekosewa, na hazikosewi pale kwenye salamu maana salamu zinajirudia mashine imeshazikariri, zinakosewa kwenye majina ya watu, tarehe na hesabu za pesa, yaani palepale mwanahistoria anapopataka. Mwaka 1881 unasomwa 1887, basi mtu aliyezikwa 1883 anaonekana bado anaandika barua na programu wala haishtuki. Wa kushtuka ni wewe.

fundi_data
Mimi ni mmoja wa hao wa kompyuta wanaocheka 😂 ila nikwambie ukweli, kinachotukwamisha kwenye hii miradi sio programu, ni kujua jibu sahihi ni lipi. Tuseme mna majibu ya watu elfu moja kuhusu huduma fulani na mnataka modeli, yaani programu ya akili bandia iliyofunzwa kwa mifano, iyagawe, huyu analalamika, huyu karidhika, huyu hana upande. Mtu kasema "tunawashukuru sana kwa kutusahau", modeli inaweza kumweka kwenye walioridhika kabisa bila aibu. Sasa nani kaandika mwongozo wa kusema kejeli inaingia wapi? Sio mimi, mimi nilisoma kupanga namba.

Kazi yenyewe inavyoenda, watu wawili wanaweka lebo kwenye majibu yaleyale kila mtu kivyake bila kuchunguliana, halafu mnapima mnakubaliana kiasi gani, na hapo msiridhike na asilimia tupu. Chukulia kila mmoja wenu, kivyake, kayaita majibu 90 kati ya 100 "hana upande", hata kama mlikuwa mnasinzia mnaweka tiki kwa kubahatisha mtakubaliana kama asilimia 82. Ndo maana kuna kipimo kinaitwa kappa ya Cohen, cha tangu 1960, kinaiondoa hiyo bahati kwanza halafu kinakuonyesha makubaliano ya kweli. Mkishaelewana nyie binadamu ndo mnailinganisha mashine na nyie. Wengi wanaruka hiyo hatua wanaipa modeli kazi yote, ikitoa jedwali zuri wanapiga makofi.

Kuhusu cha kujifunza, Excel ijue vizuri kabla ya chochote, kuchuja, kupanga, kuunganisha majedwali mawili. Python utaokota hukohuko kazini, ya kufungua faili na kurudia kitu mara nyingi inatosha kabisa mwanzoni. Na andika kila kitu, modeli gani, toleo gani, tarehe gani, maelekezo uliyoipa neno kwa neno, kwa sababu ukirudia swali lilelile kesho inaweza kukupa jibu tofauti.

sina_presha
Msimjaze upepo kijana. Zingine hizi ni kazi ya kuweka lebo bure zimepewa jina zuri. Kuna sehemu nilikaa likizo nzima nachora vibox kwenye picha za magazeti ya zamani, hakuna aliyeniambia vile vibox vinaenda wapi, matokeo yalipotoka majina yetu hayakuwepo. Kabla hujasaini uliza supavaiza wako ni nani na mtakaa pamoja mara ngapi kwa wiki, unalipwa au hulipwi, na jina lako litaandikwa wapi. Wakianza kuzungukazunguka umeshajibiwa.

binti_maktaba
Sina presha umegusa penyewe, na si jambo la jana. Padri Roberto Busa alipoanza mwaka 1949 kuyapanga maneno yote ya Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa zamani, kwa msaada wa kampuni ya IBM, waliotoboa kadi za kuingizia maneno kwenye mashine walikuwa wasichana na kwa miaka mingi sifa zote zilikuwa za padri.

Ila mimi nilitaka kuongelea hayo mahojiano. Mdogo wangu mpenda_nyaraka, usije ukachukua maneno ya mtu aliyehojiwa ukayabandika kwenye chatboti ya bure ya mtandaoni. Tafuta kwanza fomu ya ridhaa aliyosaini, wengi walikubali sauti zao zitumike kwenye utafiti, hawakukubali zipelekwe kwenye seva za kampuni. Whisper ya OpenAI, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ipo wazi tangu 2022 na inakaa kwenye kompyuta yenu wenyewe, sauti haitoki nje. Lakini ina tabia moja mbaya, pale mtu anaponyamaza yenyewe inaweza kutunga sentensi nzima ambayo hakuna aliyeisema, tena imenyooka kisarufi. Na kwenye historia simulizi ule ukimya ndio wenyewe, mama kaulizwa kuhusu mwanawe akanyamaza muda mrefu, we unaenda kusoma nakala unakuta "asante kwa kusikiliza". Kwa hiyo sikiliza tena rekodi sehemu za ukimya, kilio na pale watu wawili wanapoongea kwa pamoja, andika [kimya] na umekaa muda gani.

jicho_la_pili
Hao jamaa wa kompyuta waambie pia habari ya zile hati za mji wa kale wa Herculaneum huko Italia, zilizoungua volkano ya Vesuvius ilipolipuka mwaka 79. Luke Farritor alikuwa bado mwanafunzi alipoibua neno zima mwaka 2023 kwa modeli yake, na Februari 2024 yeye, Youssef Nader na Julian Schilliger wakatangazwa washindi wa dola 700,000. Modeli ilionyesha wino ulipo. Kuusoma Kigiriki chenyewe walikaa wataalamu wa mafunjo, yaani wanaosoma maandishi ya kale ya karatasi za mafunjo.

mpenda_nyaraka
Aisee nawashukuru wote. Barua ya maombi sasa, niandike najua nini wakati sijui kitu?

fundi_data
Usiandike unajua, waonyeshe. Tafuta barua moja ya zamani iliyowekwa wazi kwenye tovuti ya maktaba yoyote, ichape mwenyewe, halafu iachie programu iisome, weka matoleo mawili kwenye jedwali na utie rangi kila palipotofautiana. Chini yake andika mistari michache, makosa gani yangemdanganya mtafiti na yapi hayana madhara. Ambatisha. Ningekuwa mimi ndio nachagua ningeanzia hiyo kabla ya vyeti vyote vya Python.

sina_presha
Na swali la jina liulize kwa baruapepe, jibu libaki kwa maandishi.