Mamangu yuwakumbuka ya utotoni ila ya leo asubuhi hayamo, naombeni ushauri

BintiKisauni:
Assalam aleikum jamani. Mamangu ana miaka 74, tunaishi naye hapa Kisauni. Saa hizi anasahau mno, anakunywa chai na mahamri, kikombe hakijaoshwa ashauliza mbona sijapewa chai. Lakini mwanzishie habari za Mji wa Kale alikozaliwa atakutajia majirani nyumba kwa nyumba, na Yasin anaisoma yote bila msahafu. Daktari kasema ni Alzheimer, hakufafanua, foleni ilikuwa ndefu. Sasa kakangu asema anajifanya, mamdogo ataka apelekwe kwa mganga atolewe jini. Mtu akisahau kweli si angesahau yote?

nesi_wa_pwani:
Waaleikum salaam dadangu, pole sana. Hajifanyi wallahi. Seli za neva kwenye ubongo hazijashikana, baina yao kuna upenyo mdogo mno, hapo ndipo paitwa sinapsi, seli moja yamwaga kemikali, seli ya pili yaipokea, na jambo likirudiwa rudiwa au likimgusa mtu sana zile sinapsi zapata nguvu, kama njia ya miguu kichakani, ikipitwa yafunguka. Kumbukumbu ndio hiyo. Sasa mambo mapya lazima yashikwe kwanza na sehemu ya ndani inaitwa hipokampasi, na Alzheimer huanza kushambulia upande huo huo. Protini ya amiloidi yavuruga mawasiliano, nyingine yaitwa tau yajisokota ndani ya seli, sinapsi zapotea mapema kabla seli zenyewe hazijafa. Kwa hivyo ile chai haikuwekwa popote, utamdai vipi aikumbuke? Ya utotoni na Yasin ya miaka yote yashatandaa gamba la nje la ubongo, ndio maana bado yapo. Ugonjwa ukiendelea na hayo huguswa, muwe tayari.

BintiKisauni:
Subhanallah. Yaani nikimwambia "si ushakunywa mama" yeye aona namnyima tu?

Mjukuu_Majengo:
Ndio hivyo hivyo, tulimuuguza nyanya. Usibishane naye, mpe kikombe kingine kidogo yaishe. Na mlango wa nje ufungwe usiku, hutoka hawa wakitafuta kwao kwa zamani.

nesi_wa_pwani:
Swali muhimu, damu alipimwa? Upungufu wa vitamini B12, shida ya thairodi (ile tezi ya shingoni), maambukizi ya mkojo, hata sonona, vyote hivyo huleta usahaulifu au kuuzidisha na vina tiba. Presha na sukari pia ziangaliwe. Dawa kama donepezili huzuia asetilikolini isivunjwe haraka, hiyo ni kemikali ya kupitishia ujumbe kwenye sinapsi, wengine huwasaidia kwa muda ila haiponyeshi, asikudanganye mtu. Dua msomeeni, lakini vya kunywa vya mganga mimi nakataa kabisa, hujui vitagongana na dawa gani.

BintiKisauni:
Damu hakupimwa kitu, maswali tu. Jumatatu narudi naye inshallah, na huu uzi nautuma kwa grupu ya familia sasa hivi kakangu ausome.