Vidonda vya mkanda wa jeshi vimepona, mbona khanga tu inamuumiza mama?

BintiKilosa: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu, miaka 68, aliugua mkanda wa jeshi ubavuni. Vidonda vilikauka zamani, lakini khanga ikimgusa pale anashtuka kama kaungua. Ukimkandamiza kwa kiganja anavumilia; kitambaa kikipita juujuu, machozi. Nyumbani wanasema anadeka. Nieleweshwe.

FizioMbeya: Dada, pole sana. Mama hadeki, waambie leo hii. Kirusi cha mkanda wa jeshi hujeruhi neva yenyewe. Kwa panya waliojeruhiwa neva imeonekana hivi: seli za kinga zilizomo ndani ya uti wa mgongo, mikroglia, huamka na kumwaga protini ya ukuaji iitwayo BDNF. Siku zote protini hii hulea neva, ila hapo inalegeza breki. Seli zinazopeleka maumivu ubongoni zina pampu, KCC2, ya kutoa kloraidi nje. BDNF ikizidi, pampu hupungua, kloraidi hujaa ndani, na GABA, kemikali ya kuzituliza, haifui dafu. Ndipo mguso mwepesi unapofika ubongoni kama maumivu. Hayo yalichapishwa 2005.

Msafiri_T: Sasa si wazuie tu hiyo protini, mkuu?

FizioMbeya: Walijaribu kwa ndugu yake, NGF, iliyowapa Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen tuzo ya Nobeli 1986. Dawa ya tanezumabu iliizuia, wenye magoti mabovu wakapata nafuu, lakini baadhi yao viungo vikaharibika upesi. Watengenezaji waliiacha 2021. Na tunazihitaji protini hizi: anayezaliwa na kipokezi kibovu cha NGF hasikii maumivu wala hatoki jasho, mtoto anajing'ata ulimi hadi damu. Kinachoniuma zaidi, utafiti mwingi ulifanywa kwa panya madume. Mwaka 2015 ikaonekana majike hawategemei mikroglia, hutumia seli nyingine za kinga. Wagonjwa wetu wangapi ni kina mama!

MamaZuhura: Mwanangu, baba Zuhura panadol haikumfaa kitu. Hospitali walimwanzishia dawa ya amitriptilini, anameza usiku. Mchana namvalisha fulana ya pamba inayobana, maana shati linalopeperuka ndilo linalomtesa.

FizioMbeya: Shikamoo mama, hiyo fulana ni sahihi kabisa. BintiKilosa, dawa hiyo usimnunulie duka la dawa. Kwa umri wake daktari amsikilize moyo kwanza, na akiona haifai, ipo gabapentini.

BintiKilosa: Asanteni sana. Jumatatu nampeleka, na kaka anayesema anadeka ndiye atakayeendesha gari.