Pampu ya kisima imechoka, tuongee

Mama Mdogo: Habari za asubuhi wana kikundi. Jamani pampu ina nini leo? Nimefika hata hakujapambazuka vizuri, nimepiga mpini mpaka mabega yanauma ndo maji yakaanza kuja, afu yakija yanakuja kinyonge, foleni sahivi imefika barabarani

Jirani wa Juu: Hata jana jioni ilikuwa ivo ivo. Mwanangu alirudi na ndoo nusu akasema mama kisima kinakauka, nikamwambia haiwezekani, mvua zimeisha juzi tu

Katibu: Poleni sana. Mama Mdogo, yakishaanza kutoka yanaendelea au yanakatika?

Mama Mdogo: Yanaendelea ila hayana nguvu. Na yale ya kwanza kabisa yana rangi ya kutu, nikishamwaga kidogo yanayofuata yanakuwa masafi

Fundi: Shikamooni wakubwa zangu. Kisima hakijakauka, msitishike. Pampu ikilala usiku bila kupigwa afu asubuhi ikakutesa kabla maji hayajafika juu, ujue maji yaliyokuwa yamesimama ndani ya bomba yameshuka, kuna mahali panavuja, mara nyingi ni vali ya chini, kile kimlango kinachozuia maji yasirudi kisimani, au kiungo cha bomba. Na hii ya kutoka kidogo kidogo ni sili ya pistoni imekwisha, yaani mpira wa kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya bomba kuinua maji. Ni magonjwa mawili tofauti ila yamekuja pamoja kwa sababu hivyo vipuri vyote vilifungwa siku moja na havijaguswa toka hapo

Fundi: Hiyo kutu ni rodi zetu, vile vyuma virefu vinavyounganisha mpini na pistoni. Ingekuwa madini ya chuma ya ardhini maji yangekuwa mekundu kutwa nzima. Yakianza mekundu afu yakasafika ni chuma chetu wenyewe kinaliwa huko ndani

Mwenyekiti: Marahaba fundi. Sasa tufanyeje, maana waliotujengea walishaondoka na namba waliyotuachia haipatikani

Fundi: Kabla ya kufungua tupime kwanza. Aliye karibu apige mpaka maji yatoke vizuri, afu watu wote waache mpini nusu saa, asiguse mtu. Baada ya hapo piga taratibu uhesabu, mpini juu mpaka chini ni moja. Ikizidi mara tano hivi kabla maji hayajatoka basi inavuja. Ukimaliza weka ndoo upige mara 40 ndani ya dakika moja, tuone imejaa kiasi gani

Jirani wa Juu: Niko hapa na simu, ntafanya mimi. Ila kuwazuia watu nusu saa asubuhi hii fundi unanitafutia ugomvi

Mwenyekiti: Waambie nimesema mimi

Jirani wa Juu: Nimemaliza. Yametoka kwenye ya kumi na moja. Ndoo kwa dakika moja haijafika nusu

Katibu: Asante sana. Kwenye daftari siku ilipofungwa waliandika ndoo ilikuwa karibu inajaa kwa mapigo hayo hayo. Kwa hiyo imepungua kama nusu na sisi tulikuwa tunaona tu foleni inarefuka tukadhani watu wameongezeka

Kaka wa Mjini: Habari za huko nyumbani, shikamooni wazee. Nimesoma meseji zote. Mi naona tuachane na huo mpini, dunia imeshaenda mbali, tufunge pampu ya sola na tanki juu, watu wafungulie bomba tu. Mama zetu wanaumia mabega mpaka lini? Hela iliyoko kwenye akaunti ya maji ianzie hapo, na sisi tulioko mjini tutachanga, mimi niko tayari kuwasemesha wenzangu wote

Dada wa Shule: Naunga mkono kaka 👏👏

Mama Mdogo: Mabega yangu yanakushukuru mwanangu

Shangazi Mweka Hazina: Nimesikia. Hela ipo, risiti zote ziko kwangu na kwenye daftari, atakaye kuona aje aone. Inatosha vipuri na saruji na inabaki. Lakini hela hii ilichangwa ya matengenezo, kila nyumba ilitoa ikijua ni ya matengenezo, siwezi kuihamisha kwa meseji ya kikundi, lazima mkutano wa watumiaji wote ukae

Fundi: Kaka wazo lako silikatai ila kuna jambo moja kubwa. Pampu ya mkono inavuta kama lita 1,000 kwa saa ikiwa nzima, kisima kidogo tu kinaimudu. Mota inataka zaidi ya hapo na haipumziki, jua likiwaka inavuta tu. Kisima kilichochimbwa kwa ajili ya mpini kinaweza kisiweze mota kabisa, unafunga leo keshokutwa inavuta mchanga na hewa, imeungua. Lazima kwanza kipimwe uwezo wake, wanavuta maji kwa masaa mengi mfululizo huku wanapima yanashuka kiasi gani na yanarudi kwa kasi gani, na hicho kipimo kifanyike kiangazi maji yakiwa chini, sio sasa hivi tumetoka kwenye mvua kila kitu kinaonekana kizuri

Kaka wa Mjini: Hilo la kupima nilikuwa silijui. Sawa lakini tukishapima si tutafunga?

Katibu: Kaka yangu tukishapima tutaongea, mi nitakuwa wa kwanza kukubali. Ila nina jambo linaniuma na naomba nilitoe hapa wote mlisome. Sola ikifungwa nani ataosha paneli, nani ataangalia nyaya, ikigoma tutampigia nani, hela ya kununua mota nyingine itatoka wapi? Tumeshindwa kubadilisha sili, kipande cha mpira unachokishika kwenye kiganja, sio kwa sababu hatuna hela, Shangazi ametuambia hela ipo, ni kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyepewa kazi ya kuibadilisha. Kila mtu alijua ni ya kijiji. Kamati ilikuwa ya kujenga, kisima kilipozinduliwa na picha zikapigwa kamati ikalala. Mradi mpya tukiuweka juu ya usingizi huo huo utakufa vile vile, tena kwa hasara kubwa zaidi

Mwalimu: Katibu umesema. Na sio hapa tu. Mtandao wa maji vijijini, RWSN, mwaka 2009 ulikusanya takwimu za nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara ukakuta kama 36% ya pampu za mkono hazifanyi kazi. Zaidi ya moja katika kila tatu

Mwenyekiti: Mwalimu hiyo ni nyingi mno

Mwalimu: Kuna mama mmoja Mmarekani, Elinor Ostrom, alipata Nobel ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata. Maisha yake yote alichunguza vitu vya pamoja, misitu, malisho, mifereji. Kule Nepali yeye na wenzake walilinganisha mifereji ya umwagiliaji inayoendeshwa na wakulima wenyewe na ile inayoendeshwa na idara za serikali. Ya serikali ilikuwa na zege na injinia, ya wakulima mingine ni mawe na udongo na miti, lakini maji yalikuwa yanawafikia wa mwisho kwenye mfereji vizuri zaidi kwenye ile ya wakulima. Sababu walikuwa na sheria zao walizotunga wenyewe, zamu za kusafisha, na mtu wa kuangalia ambaye ni mwenzao

Dada wa Shule: Kwa hiyo na sisi tutunge zetu

Mwalimu: Ndio binti yangu. Na adhabu zianzie chini. Aliyekosa mara ya kwanza anaongeleshwa tu, hafungiwi maji siku hiyo hiyo. Akirudia ndo inapanda

Jirani wa Juu: Hapo kwenye mchango niseme ukweli, kuna nyumba hazitoi na wanachota kila siku, tena ndoo nyingi kuliko sisi. Inakatisha tamaa

Bibi wa Kona: wajukuu zangu mimi sina cha kutoa kila mwezi mnajua naishi na watoto tu. msinifungie

Shangazi Mweka Hazina: Mama hakuna wa kukufungia. Wewe na wengine watatu mko kwenye orodha ya wasiotozwa, mkutano uliopitisha nilikuwepo. Jirani anamsema yule anayeweza na hataki

Mwenyekiti: Hao wawili wanaoweza na hawatoi nitawaendea nyumbani mimi mwenyewe jioni, majina tusiyaweke humu. Mtu ukimwaibisha kwenye kikundi hatoi tena hata akiwa nayo

Nesi: Samahani nimechelewa nilikuwa kazini. Naomba mnisikilize kidogo kwenye usalama wa maji maana pampu tunaiangalia juu tu. Nilipita pale juzi, sakafu ya zege ina ufa upande wa mpini, unaanzia kwenye shina la pampu unaenda mpaka ukingoni, kidole kinaingia. Maji machafu ya miguu yetu na ya ndoo yanaingia kwenye huo ufa yanarudi chini kwenye kisima. Na mfereji umeziba, maji yamesimama, mbuzi wanakunywa pale pale na kinyesi chao kipo pale pale

Nesi: Ndo maana naletewa watoto wa kuhara kila mvua zikiisha. Sisemi wote ni kisima lakini ule ufa haunipi usingizi

Mama Mdogo: Ee Mungu wangu

Nesi: Na kuna nyumba inachimba choo upande wa juu wa kisima. Choo na kisima angalau mita 30, na shimo lisifike karibu na maji ya ardhini, sehemu ya chini ya shimo ibaki mita moja na nusu juu ya maji. Kwa macho naona haifiki 30

Jirani wa Juu: Ni sisi Nesi. Shimo bado fupi hatujafika mbali. Kama ni hivyo tutahamishia nyuma ya zizi, naongea na mume wangu leo

Nesi: Asante sana dada, umeniondolea mzigo. Mkipima muanzie kwenye shina la pampu, msianzie kwenye uzio

Fundi: Basi mpango wangu huu. Jumamosi asubuhi tunafungua. Pampu yetu ni Afridev, ilibuniwa miaka ya 1980 Malawi na Kenya kwa makusudi kabisa kwamba wanakijiji waifungue wenyewe, wake kwa waume, bila winchi bila gari. Spana moja tu na kile chuma cha kuvulia vali. Rodi zinashikana kwa ndoano, unazitoa moja moja kwa mkono, pistoni inapita ndani ya bomba inakuja juu na bomba lenyewe linabaki chini halijaguswa. Na muundo wake sio mali ya kampuni moja, kwa hiyo sili za kiwanda chochote kilichofuata vipimo zinaingia

Dada wa Shule: Fundi naweza kujifunza? Nimemaliza mitihani nipo nyumbani

Fundi: Njoo, na mwingine mmoja. Nataka nifungue mimi nusu, nusu mfungue nyie nikiwa nimesimama pembeni nimekunja mikono. Mimi nikisafiri kijiji kisikae bila maji

Jirani wa Juu: Huyo mwingine ni mimi

Katibu: Naandika. Fundi taja vya kununua

Fundi: Sili za U tatu, moja ya kufunga mbili za akiba. Vizibo vya vali vile vya mpira viwili. Bushi za mpini, pale unapozungukia, seti moja. Oringi, ile pete ya mpira, ya vali ya chini. Rodi mbili za juu nikizikuta zimeliwa tunabadilisha na tunaweka za chuma kisichoshika kutu. Saruji, mchanga msafi na kokoto. Klorini Nesi atatuelekeza

Kaka wa Mjini: Vipuri niachieni mimi, huku vipo, nitavituma na basi la Alhamisi. Hela ya akaunti isiguswe kwa vipuri, ibaki ya saruji na akiba. Na hilo la sola nimelielewa, tusubiri kiangazi tupime, gharama za kupima tutazibeba sisi wa mjini. Katibu naomba tu ile kurasa ya daftari ya leo uipige picha uiweke humu

Katibu: Asante kaka, Mungu akuzidishie. Picha hiyo hapo juu

*Jumamosi*

Dada wa Shule: Tumeifungua!! Sili imepasuka upande mmoja, ukiikunja inafunguka, na midomo yake imelika imekuwa laini haishiki tena. Vali ya chini ilikuwa na kijiwe kimekaa chini ya kizibo, kidogo kama punje ya mtama, hicho ndo kilikuwa kinashusha maji usiku kucha. Nimeivua mwenyewe na kile chuma, mara mbili ikaponyoka ya tatu ikaja

Fundi: Ana mkono mzuri huyu binti. Rodi ya kwanza na ya pili zimeliwa kwenye ndoano, tumebadilisha. Zilizobaki bado zina uhai

Mwenyekiti: Ufa umebomolewa wote, umejazwa upya, mfereji umefukuliwa mpaka kwenye shimo la mawe. Vijana wametengeneza pa kunyweshea mifugo kule chini mbali. Zege lifunikwe magunia lilowanishwe asubuhi na jioni wiki nzima, watoto wasilikanyage

Nesi: Klorini tumeshaweka, tumepiga mpaka harufu ikasikika kwenye mdomo wa pampu. Sasa ilale hivyo usiku mzima, MTU ASICHOTE. Kesho asubuhi tunayamwaga mpaka harufu iishe ndo tuanze kutumia. Nimeongea na maabara, sampuli naipeleka klorini ikishaisha kabisa, ikienda mapema majibu yatadanganya

Mama Mdogo: Leo tunachota wapi?

Mwenyekiti: Kwenye matanki ya mvua ya shule, mwalimu amefungua. Ndoo mbili kila nyumba, Bibi wa Kona apelekewe

Dada wa Shule: Za bibi nshapeleka

Katibu: Zamu za mwezi nimebandika kwenye mlango wa shule na hapa chini. Kila Jumamosi ya kwanza kipimo cha mapigo na ndoo, Dada na Jirani wanapima wanaandika. Sili mpya kila mwaka hata kama ya zamani inaonekana nzima. Sanduku la spana na vipuri liko kwa Shangazi, ufunguo wa pili kwa Jirani wa Juu

Jirani wa Juu: Nimeupokea. Na choo tumeshahamisha, Nesi njoo na kamba yako upime