Naombeni ushauri: ateri ya ini inayotokea kwenye mesenteri

Habari zenu wakuu. Madaktari na walimu wa anatomia, naombeni mwongozo. Niko mwaka wa pili wa udaktari. Juzi kwenye meza ya maiti nilikuta ateri ya ini ya kulia haitoki kwenye shina la siliaki (mshipa mkubwa unaogawa damu kwa tumbo, ini na wengu) kama tulivyofundishwa. Imechomoza kwenye ateri ya mesenteri ya juu (inayolisha utumbo), ikapita nyuma ya kichwa cha kongosho na veni ya mlango (inayopeleka damu ya utumbo kwenye ini), ikapanda kuliani mwa mfereji wa nyongo. Niliifuata kwa kidole mpaka inapoingia ini.

Michels, mwanaanatomia aliyepanga tofauti za ateri za ini mwaka 1966 kutokana na maiti 200, aliiita aina ya 3 inapochukua nafasi ya ile ya kawaida. Kinachonitatiza: nitajuaje kama kweli imechukua nafasi hiyo, au ni ya nyongeza tu? Tawi la kulia kutoka siliaki sikuliona, lakini huenda tulilikata tukisafisha mafuta.

Jambo hili linaninyima usingizi, maana mpasuaji akiifunga kimakosa anapotoa kifuko cha nyongo, mirija ya nyongo ndani ya ini inakosa damu yake. Mnaofanya upasuaji, mnaitambuaje kwa vidole kabla ya kukata? Meza yetu inafungwa wiki ijayo.