Naombeni ushauri: nina miaka 41, niachane na upinde au niendelee?

Habari zenu wakuu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Nairobi. Miaka sita sasa napiga mishale klabuni kila Jumamosi. Mwezi uliopita timu ya mashindano ilichaguliwa, sikuitwa. Kocha akaniambia kwa upole niwapishe vijana. Tangu siku hiyo podo liko juu ya kabati, sijaligusa.

Kinachoninyima usingizi ni Mjapani mmoja, Yamamoto Hiroshi. Alipata shaba ya Olimpiki Los Angeles 1984, akiwa kijana wa miaka 21. Akaenda Seoul, Barcelona na Atlanta bila kupata medali nyingine ya mtu mmoja mmoja. Sydney 2000 hakushiriki kabisa. Halafu Athens 2004, naye ni mwalimu wa sekondari, ana miaka 41, akachukua medali ya fedha! Umri wangu huu huu. Je, najidanganya?

Mvuta Ugwe:
Pole mwalimu. Hujidanganyi kuhusu umri. Ila hiyo miaka 20 Yamamoto hakuikaa akisubiri bahati, alikuwa anavuta upinde. Wewe kwa wiki unapiga mishale mingapi? Jibu hilo kwanza.

Bi Rehema:
Mwaka ule nilikuwa nasoma Japani. Walimwita "chunen no hoshi", yaani nyota wa watu wa makamo. Alisema shaba hadi fedha imemchukua miaka 20, basi dhahabu ataitafuta miaka 20 mingine. Watu wa umri wake walimpenda mno kwa neno hilo, maana alikuwa mtu wa kazi kama wao, anaamka asubuhi kwenda kufundisha. Kaka, mkeo anasemaje? Jumamosi zote hizo ni za nyumbani pia.

Fundi Mishale:
Fainali ile alishindwa na Galiazzo wa Italia, 111 kwa 109. Mishale 12, pengo pointi mbili tu! Shabaha iko mita 70, kiduara cha pointi 10 kina upana wa sentimita 12.2. Hapo utulivu unalipa kuliko mbio. Mjapani mwingine, Furukawa, naye alipata fedha ya Olimpiki London 2012, akarudi na shaba Tokyo akiwa na miaka 36.
Ushauri wangu: mwulize kocha alama za kuingia timu ni ngapi, akutajie namba. Kisha punguza uzito wa kuvuta upinde miezi mitatu, bega lipumzike, usahihishe mkono wa kuachia. Ukizifikia alama hizo, umri hautakuwa hoja tena.

Mwenye uzi:
Asanteni sana. Mama watoto hana kinyongo, Bi Rehema, nimemwuliza. Mishale ni kama 70 kwa wiki, yote Jumamosi. Ni michache, nakubali. Kocha nitamwona kesho. Podo nimeliteremsha jana usiku, mishale miwili imebanduka manyoya. Gundi gani inashika vizuri?