Besi mbili, lakini zihesabiwe kutoka wapi?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Mimi ni mwamuzi mpya wa besiboli ya sekondari hapa Marekani.

Jana kulikuwa na mkimbiaji besi ya 1 (besi ni vituo vinne ambavyo wachezaji hukimbilia kwa zamu). Mpigaji akapiga mpira wa chini, mlinzi wa ndani (anayelinda karibu na besi) akauokota na kuutupa besi ya 1, ukatoka nje ya uwanja. Alipoutupa, mkimbiaji alishavuka besi ya 2. Mpigaji hajafika ya 1.

Nikahesabu zile besi 2 wanazopewa mpira ukitupwa nje hivyo, kuanzia walipokuwa mrushaji aliporusha mpira kwa mpigaji: mkimbiaji ya 3, mpigaji ya 2. Kocha akanijia juu (nusura anile mbichi), eti tuhesabu kuanzia walipokuwa mlinzi alipotupa. Nimerudia kitabu cha sheria usiku kucha, bado nasita.

Nilikuwa sahihi? Na mpigaji angekuwa ameshafika besi ya 1, hesabu ingebadilika?