Siku Nisiyoisahau na mihimili mitatu ya dola: tupeane uzoefu

Mama wa Sita B
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu yupo darasa la sita, leo kaja na kazi mbili. Ataje mihimili ya dola na kazi zake, halafu aandike insha "Siku Nisiyoisahau". Mihimili kaimaliza kama anaimba: Bunge, Serikali, Mahakama. Kwenye insha kakwama. Anataka kuandika siku bibi yake alipoanguka, lakini kaanza na "Ilikuwa siku ya Jumamosi, jua likiwaka na ndege wakiimba". Nimeshtuka, maana daftari langu la mwaka 1991 lilianza hivyohivyo. Nyinyi mliandika nini? Na hiyo Uraia iliwahi kumkuta mtu nje ya daftari?

Ngedere Mpole
Hao ndege walituimbia wote, dada.

Msafiri wa Kitale
Huku Kenya enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, insha ilikuwa na alama 40 na mwalimu alitaka methali kila aya. Nilimzika babu yangu kwenye insha kwa tamathali kumi, na hakuna hata mmoja aliyejua babu alikuwa mtu wa namna gani. Hilo linaniuma mpaka leo.

Tranka la Bati
Umenigusa pabaya, Mama wa Sita B. Ni mwaka 1996, niko kidato cha pili, shule ya bweni. Somo la Siasa lilikuwa limeshaondoka baada ya vyama vingi, tunasoma Uraia. Mwalimu alifundisha kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, lakini Alhamisi moja alipofika kwenye haki ya kusikilizwa alifunga kitabu, akatueleza kwa Kiswahili: ibara ya 13 ya Katiba, mtu hahukumiwi kabla hajasikilizwa, wala hatendewi kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Niliandika yote.

Jumapili usiku watu wakagomea maharage. Yalikuwa na wadudu, wanaelea juu kama ufuta. Sahani zikarushwa ukuta wa jiko. Mimi nilikuwa kiranja wa chakula, muda huo niko stoo narudisha ndoo. Jumatatu paredi, majina manne yakasomwa, langu la kwanza. Nikanyoosha mkono. Nikaambiwa, "Shusha mkono, kafungashe." Wiki mbili nyumbani. Nilibeba tranka kichwani kilomita sita mpaka barabarani, kufuli linagonga bati kila hatua, ka, ka, ka. Baba alisoma barua, akaikunja, akaenda shamba. Hakunisemesha siku tatu.

Niliporudi, mwalimu wa Kiswahili akatoa insha hiyohiyo ya mtoto wako. Nikaandika kurasa nne. Zikarudi nyekundu. Aya nzima ya kwanza, jua na ndege, kaipiga mstari, pembeni kaandika: "Anzia kwenye tranka." Chini: "Umesema 'walinionea' mara tisa. Lifute. Nieleze walichofanya." Niliiandika upya usiku kwa kibatari. Ile ya pili hakuirudisha kwa wiki nzima, halafu akanipa mkononi, kimya, nje ya ofisi. Alama sikumbuki. Nakumbuka alisema, "Sasa nimekusikia."

Ngedere Mpole
Aisee.

Binti Pwani
Nimesoma mara mbili. Hiyo "shusha mkono"...

Chaki Nyeupe
Pole sana mkuu, lakini nimefundisha miaka 27, naomba nisemee upande wa pili. Bweni lina watoto mia nne, usiku wamevunja sahani. Mkuu wa shule asipochukua hatua asubuhi, jioni linachomwa bweni. Shule si mahakama.

Tranka la Bati
Mwalimu, shikamoo. Kunisikiliza kulihitaji dakika tano. Mtunza stoo alikuwa amesimama palepale paredi.

Msafiri wa Kitale
Mwalimu, mkuu wa shule katunga sheria, kashtaki, kahukumu. Hiyo mihimili mnawafundisha ya nini?

Chaki Nyeupe
Usinilishe maneno. Hata nchini mihimili haijatengana kihivyo. Kwetu Tanzania waziri lazima awe mbunge.

Msafiri wa Kitale
Kwenu. Kwetu tangu Katiba ya 2010 waziri haruhusiwi kuwa mbunge.

Mwana wa Azimio
Na kabla hamjapigania ibara ya 13: Katiba ya 1977 ilipoanza, sura hiyo ya haki haikuwemo. Iliingizwa kwa mabadiliko ya 1984. Sisi tuliosoma Siasa tulikariri Azimio la Arusha neno kwa neno, haki ya kusikilizwa hatukuiona hata kwenye ubao. Kwa hiyo, Tranka, ulikuwa na kitu cha kunyooshea mkono. Sisi tulifungasha tu.

Binti Pwani
Jamani, mama kaomba msaada wa insha. Mimi nasema mtoto aandike mwisho kwanza.

Ngedere Mpole
Aweke methali mbili, msahihishaji wa sasa bado anazipenda. Tusimponze mtoto.

Msafiri wa Kitale
Asiweke hata moja! Nimeshasema yaliyompata babu yangu.

Chaki Nyeupe
Methali moja, ikija yenyewe. Na Tranka, mtunza stoo aliulizwa baadaye?

Tranka la Bati
Hakuulizwa, mwalimu. Lakini siku naondoka alinifuata getini, akanipa mkate nusu, akaninyanyulia tranka kichwani. Hilo kwenye insha sikuliandika, niliogopa atafukuzwa kazi.

Chaki Nyeupe
Nimekusikia, kijana wangu.

Mama wa Sita B
Nimemsomea mwanangu ya Tranka. Kakaa kimya, kachukua rula, kapiga mstari ile Jumamosi na ndege wake. Sasa inaanza: "Bibi alikuwa na kiatu kimoja. Kingine kilibaki kwenye ngazi za zahanati, nikarudi kukichukua." Bado anaandika, na ni saa nne usiku.